Sadaka ya Peni 63



Tarehe 10 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Skolastika, bikira. Katika mitaa yetu mabinti wenye jina hili ni wengi, lakini ukiwauliza habari za somo wao hukaa kimya. Alikuwa dada yake Mtakatifu Benedikto, yule baba wa watawa. Papa Gregori Mkuu ametuandikia kwamba ndugu hao walikuwa wakionana mara moja tu kwa mwaka. Siku yao ya mwisho, jioni ilipoingia, Skolastika alimsihi kaka yake asiondoke, wakeshe wakizungumza mambo ya Mungu. Benedikto akakataa, maana kanuni yake haikumruhusu kulala nje ya nyumba ya watawa. Basi dada akainamisha kichwa akasali, na mbingu iliyokuwa haina hata wingu moja ikanguruma, ikamwaga mvua, hata kaka asiweze kutoa mguu mlangoni. Wakakesha pamoja. Siku tatu baadaye dada akafa.

Nimeanza na habari hiyo ya upendo kwa sababu nataka kuwasimulia jambo lililotendeka siku ya sikukuu ya mtakatifu huyo huyo, mwaka 1355, katika mji wa Oxford huko Uingereza. Lilichukua siku tatu nalo.

Pengine mtasema, Oxford inatuhusu nini? Inatuhusu kidogo. Wazee wetu wengi walibatizwa na mapadre wa U.M.C.A., na herufi ile ya kwanza maana yake ni Vyuo Vikuu. Oxford ni kimojawapo cha vyuo vilivyoianzisha Misheni ile. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikuwa kijana wa Oxford. Tumezoea kuwafikiria watu wa vyuo vile kama watu wa vitabu na sala tangu mwanzo. Basi tuwatazame pia siku walipokuwa na upinde mkononi.

Wakati ule mwanafunzi wa Oxford alihesabiwa kuwa mtu wa Kanisa. Alinyolewa nywele za utosini, alisoma kwa Kilatini, na akikosa hakupelekwa mbele ya Meya wa mji, alihukumiwa na Mkuu wa Chuo. Wengi walikuwa vijana wadogo, wa miaka 14 au 15 na kuendelea, waliotoka mbali, wamepanga vyumba katika nyumba za watu. Nimefundisha miaka 36, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa katika vyuo vya ualimu. Najua kijana anakuwaje akiwa mbali na mama yake, ana fedha kidogo mfukoni, na tena anajua kwamba askari wa pale hawezi kumfanya neno.

Wenyeji nao walikuwa na lao. Waliuza mkate, pombe na mvinyo, wakapangisha vyumba, na ugomvi wa bei na kodi haukukoma. Mwaka 1209 mwanamke mmoja wa mjini aliuawa, akadhaniwa mwanafunzi mmoja, naye akatoroka. Watu wa mji wakawakamata wenzake waliokaa naye nyumba moja, wakawanyonga wawili au watatu ambao hawakuwa na hatia. Walimu na wanafunzi wakatawanyika kwa hofu. Baadhi yao wakaenda Cambridge, na Chuo Kikuu cha huko kikaanza kwa namna hiyo. Ndiyo Cambridge ile ile ambako Dakta Livingstone alisimama mwaka 1857 kuomba watu waje Afrika, na Misheni yetu ikazaliwa. Mungu hulima hata katika shamba lililochomwa moto.

Mwaka 1214 mjumbe wa Papa aliamua kesi ile: kodi za vyumba vya wanafunzi zipunguzwe nusu kwa miaka 10, na kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, mji uwalishe wanafunzi maskini 100. Likumbukeni jambo hilo la mji kuamriwa kulipa kila mwaka, maana litarudi.

Sasa tufike 1355. Ilikuwa Jumanne, siku nane kabla ya Jumatano ya Majivu. Miaka 6 hivi ilikuwa imepita tangu tauni kuu iliyoua watu wasiohesabika Uingereza. Ungedhani watu waliozika hivyo wangekuwa wapole. Wanafunzi wawili, Walter Spryngeheuse na Roger de Chesterfield, waliingia pamoja na wenzao katika nyumba ya mvinyo iliyoitwa Swindlestock, pale njia nne za katikati ya mji, paitwapo Carfax. Wakaletewa mvinyo. Wakasema ni mbaya. Mwenye nyumba, John de Croydon, akasema ni mzuri. Wakajibizana, maneno yakawa makali, na wale vijana wakamtupia mvinyo wake pamoja na chombo chake kichwani.

Jambo lenyewe ndilo hilo, wapendwa: kikombe cha mvinyo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kama mmoja wao angelipa na kutoka, kama yule mzee angesema, "Haya, wanangu, nitawapa mwingine," tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Lakini jamaa wa mwenye nyumba walikwenda kuipiga kengele ya kanisa la Mtakatifu Martin, kanisa la watu wa mji. Wanafunzi nao wakaipiga kengele ya Mtakatifu Maria, kanisa la Chuo. Hapo mimi husimama kila ninapofikiri habari hii. Kengele mbili za kanisa, zote zimebarikiwa, zote zimezoea kuwaita watu wale wale kumwabudu Mungu mmoja, siku hiyo ziliwaita kushika pinde na mishale. Kanisa la Mtakatifu Martin lilibomolewa mwaka 1896, ukabaki mnara wake tu, nao umesimama mpaka leo pale Carfax.

Mkuu wa Chuo, Humphrey de Cherlton, alitoka kuwatuliza watu, akapigwa mishale, ikambidi arudi nyuma. Siku ya kwanza usiku uliwatenganisha kabla damu haijamwagika sana. Asubuhi yake ilikuwapo nafasi ya kutubu. Badala yake Meya, John de Bereford, alipanda farasi kwenda Woodstock kumshtakia Mfalme Edward wa Tatu, na huku watu wa vijijini wakaitwa. Wanafunzi walijaribu kufunga malango ya mji, wakashindwa. Watu kiasi cha 2,000, ndivyo ilivyoandikwa, wakaingia kwa lango la magharibi na bendera nyeusi mbele yao. Siku ile na siku iliyofuata wakavunja nyumba za wanafunzi, wakaua waliowakuta, na miili mingine wakaitupa jaani na vyooni. Husemwa kuwa wengine walichunwa ngozi ya utosini, pale palipokuwa na alama yao ya kunyolewa. Sitaendelea, maana gazeti hili husomwa na watoto.

Hesabu tuliyoachiwa ni wanafunzi 63 waliouawa, na kwa upande wa mji watu kama 30. Hapa yafaa msomaji ajue jambo moja. Mengi ya habari hizi yaliandikwa na watu wa Chuo. Wao ndio waliokuwa na kalamu. Mwenye nyumba ya mvinyo hakuandika kitu, na wale 30 hawakuandika kitu. Sisemi kwamba wenye kalamu walisema uongo. Nasema tu kwamba walioshika kalamu walikuwa upande mmoja.

Mfalme alikata shauri lililokipendeza Chuo. Meya alitiwa gerezani. Kwa hati ya mwezi wa Juni mwaka ule ule, Mkuu wa Chuo alipewa mamlaka ya kusimamia mkate, pombe na mvinyo mjini, pamoja na mizani na vipimo vyote. Fikirini mama wa Oxford anayeoka mkate wake, na anayekuja kuupima ametumwa na wale wale waliompiga jirani yake kwa kikombe. Mithali 11 inatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana, na hakika palikuwa na wauzaji waongo mjini. Lakini mizani ikitwaliwa na upande mmoja wa ugomvi, hata ikiwa sahihi, anayepimiwa haiamini.

Naye Askofu wa Lincoln, John Gynwell, aliufunga mji usipate ibada. Alipoufungua aliweka toba. Kila mwaka, tarehe 10 Februari, Meya na maofisa wake wawili na wenyeji 60 waende katika kanisa la Mtakatifu Maria, wahudhurie Misa kwa ajili ya wanafunzi waliouawa, na kila mmoja atoe peni moja madhabahuni. Jumla yake ni peni 63, peni moja kwa kila mwanafunzi aliyekufa. Kwa ajili ya wale 30 haikuamriwa Misa ya namna hiyo, wala peni.

Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 460. Wafalme walipita, Misa ikageuzwa ibada ya Kiingereza, Askofu Mkuu Cranmer alisimamishwa katika kanisa lile lile mwaka 1556 kabla ya kupelekwa kuchomwa moto, na bado kila Februari Meya aliyekuwapo alikuja na peni zake kwa kosa ambalo babu wa babu yake hakulitenda. Mwaka 1825 Meya mmoja alikataa kwenda, na mambo yakaishia hapo.

Je, peni zile zilileta amani? Hata kidogo. Mji na Chuo viliendelea kutazamana kwa jicho la pembeni vizazi na vizazi, na ghasia ndogo ndogo ziliendelea. Nami, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, naona ni lazima tuulize sababu. Maana palikuwapo sadaka na madhabahu, na palikuwapo toba ya hadharani iliyorudiwa kila mwaka kuliko toba nyingi tuzijuazo. Kilichokosekana ni nini?

Fungueni Mathayo sura ya 5, aya ya 23 na ya 24. Twazijua sote, Padre huzitumia mara kwa mara kabla ya Kutakiana Amani. Lakini twazisoma haraka. Wengi wetu tukiulizwa tutasema Bwana anatufundisha kwamba ukienda madhabahuni na moyoni umemkasirikia ndugu yako, umsamehe kwanza. Jambo hilo ni jema, nalo limeandikwa mahali pengine. Hapa Bwana anasema habari nyingine. Anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, moyo wake umetulia, hana kinyongo na mtu, kisha anakumbuka kwamba yuko ndugu mwenye kinyongo juu yake yeye. Huyo ndiye anayeambiwa aiache sadaka aende. Aliyetulia ndiye anayetumwa. Mwenye jeraha haambiwi atembee.

Sasa warudieni watu wa Oxford. Wenye mji walikuja na sadaka kwa miaka 460, wameamriwa. Waliokuwa wakipokea sadaka ile, walimu na wanafunzi, walikaa katika viti vyao wakitazama. Wao walikuwa wametulia. Mfalme amewapa haki, Askofu amewapa haki, mizani wanayo. Hakuna aliyewaambia, "Na ninyi, nani ana neno juu yenu?" Nani aliyemtupia John de Croydon kile chombo? Kama siku moja tu, katika miaka hiyo yote, Mkuu wa Chuo angeshuka ngazi akatembea mpaka Carfax, si mwendo mrefu, akasema mlangoni pa Swindlestock, "Vijana wetu walianza," nadhani peni zile zingekuwa sadaka. Zilibaki kuwa faini.

Ilichukua miaka 600. Tarehe 10 Februari 1955 pande mbili zilikutana kwa heshima. Chuo Kikuu kilimpa Meya wa mji shahada ya heshima, nao mji ulimfanya Makamu Mkuu wa Chuo kuwa mwananchi wake wa heshima. Meya akawa mtu wa Chuo, mtu wa Chuo akawa mwenyeji. Walikwisha kufa wote waliokoseana, hata makaburi yao hayajulikani. Lakini ni mara ya kwanza, nionavyo mimi, upande ulioshinda ulipotoa kitu.

Wapendwa, mpaka hapa nimesema habari za Wazungu wa zamani, nazo hazinigharimu kitu. Naona haya kuishia hapo.

Yapata miaka 30 iliyopita nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha ualimu. Sitakitaja, wala kijiji kilichokuwa jirani nacho. Nje ya uzio palikuwa na mama aliyepika maharage na wali katika kibanda cha makuti, na wanachuo wetu walikwenda kula kwake wakichoka na chakula cha bwaloni. Jioni moja mwanachuo mmoja alisema maharage yamechacha, hatalipa. Mama akasema hayakuchacha, alipe. Kijana akamwagia bakuli lile kifuani. Vijana wa kijijini wakaja na fimbo. Mtu akapiga kengele ya chuo, ile rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwembe, na wanachuo wakatoka mabwenini. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Watatu walivunjika mikono, wawili wao wanakijiji, na kibanda kiliteketea.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Mkuu wangu akaniambia niandike taarifa, nami nikaandika kurasa mbili kwa mwandiko safi. Nilianza hivi: kwamba siku fulani, saa fulani, kundi la vijana wa kijijini wenye fimbo lilifika kwenye eneo la chuo. Kila sentensi iliyofuata ilikuwa kweli. Hakuna aliyeweza kuonyesha uongo hata mmoja katika taarifa ile. Bakuli tu halikuwamo. Nilijua habari ya bakuli, maana nilimwona mama yule akipita getini usiku ule, kanga yake imeloa maharage, naye hakunisemesha.

Kijiji kikaamriwa kulipa. Walichanga, wengine waliuza mbuzi. Kila Jumapili nilipita njia ile kwenda kanisani, nikapokea Sakramenti, nikarudi. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Sikuwa na kinyongo na mtu yeyote kijijini.

Nimestaafu sasa, na mtu aliyestaafu hupata usingizi mfupi. Mwaka jana, mwezi wa Desemba, katika Majilio, nilipanda basi nikaenda. Chuo kimekua, mwembe haupo. Nikauliza, nikaelekezwa nyumba. Yule mama yu hai, miguu inamsumbua, anakaa na mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanitazama sana, akasema, "Mwalimu wa zamu." Baada ya miaka yote ile!

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamweleza habari ya kurasa zangu mbili, nilichoandika na nilichoacha. Nilikuwa na bahasha mfukoni, nimeweka fedha za kibanda kwa hesabu yangu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele, hakuacha kuchambua. Bahasha aliichukua akampa mjukuu bila kuifungua. Nami nikangoja aniambie amenisamehe, kwa maana ndiyo niliyoifuata.

Hakusema hivyo. Alisema, "Mwalimu, yale maharage nilikuwa nimeyapika siku ile ile. Asubuhi. Hayakuwa yamechacha."

Nikasema, "Naam, mama."

Akasema, "Waliandika kwamba mimi nauza chakula kibovu? Maana watu waliacha kuja hata nilipojenga kibanda kingine."

Nikasema hawakuandika hivyo, hawakuandika lolote juu yake. Akatikisa kichwa kama mtu anayeona jambo hilo ni baya zaidi. Kisha akaniuliza kama ningali naandika. Nikamwambia huandika kidogo katika gazeti la kanisa. Akasema, "Basi andika."

Nimemwomba Mhariri nafasi hii kwa ajili hiyo. Taarifa niliyoiandika wakati ule ianze upya, na ukurasa wake wa kwanza uwe huu: jioni ile, kabla ya fimbo na kabla ya kengele, mwanachuo wetu mmoja alimmwagia mama mmoja bakuli la chakula alichokataa kulipia. Mama alikuwa ameyapika maharage yale asubuhi ya siku hiyo. Hayakuwa yamechacha.